Jibu: Madarasa yanajengwa, msongamano uko palepale

Habari mkuu. Umeuliza kwa nini kata yenu imepata madarasa mapya na bado watoto wanabanana dawatini. Anza na sensa ya 2022, ila tazama umri, siyo jumla. Jumla inakuambia tu kwamba Tanzania ilitoka watu milioni 44.9 mwaka 2012 hadi milioni 61.7, na 2016 elimu ikawa bila ada mpaka kidato cha nne. Pembezoni mwa Dar, ninakoshughulika na mipango, wanaohamia ni vijana wenye watoto wachanga. Rejista ya shule haiwaoni wachanga hao kabisa! Nenda zahanati, uliza wangapi wamechanjwa surua wakiwa na miezi tisa. Hao ndio darasa la kwanza la miaka michache ijayo. Daftari la wakazi la mtendaji liache, kwetu wapangaji nusu hawamo.