Chuo hakikutafuti: majibu kwa wanaotoka kidato cha sita

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Katikati ya hapo barua za wasomaji hubadilika sura. Zile za "nina divisheni ya pili ya PCB (fizikia, kemia na biolojia), niombe kozi gani?" hupungua, zinaanza kuingia za "nimechaguliwa, sasa itakuwaje?" Hizi ni za kundi la pili. Majina nimeyaondoa, na maswali marefu nimeyafupisha.

Mwalimu, nimetoka mafunzo ya JKT na sasa niko nyumbani nangoja chuo. Kila mtu ananiambia nipumzike tu. Kuna la kufanya?

Pumzika, umekimbia mchakamchaka vya kutosha. Halafu siku moja toa cheti chako cha kuzaliwa, ukiweke pembeni ya cheti cha kidato cha nne, usome majina herufi kwa herufi. Mohamed huku na Mohammed kule. Jina la babu lipo hapa, pale halipo. Chuo kitakuandikisha kwa majina ya Baraza la Mitihani, NECTA, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili wa vizazi, RITA, benki nayo itasoma kitambulisho cha taifa cha NIDA. Majina yakigongana pesa inakwama, na utakuwa Dodoma au Mbeya ukimtuma mjomba aende kwa wakili kutafuta kiapo. Lifanye sasa ukiwa nyumbani na muda unao.

Jambo la pili ni kuchapa. Kazi za chuo hazipokelewi kwa mwandiko wa mkono isipokuwa mara chache. Asiyejua kuchapa hulipa steshenari ya nje ya geti kila ukurasa kwa miaka mitatu, tena usiku wa mwisho foleni ikiwa imefika barabarani. Omba kompyuta ya jirani, ya kanisani, ya msikitini, popote.

Nimechaguliwa vyuo viwili. Nikithibitisha kimoja, kingine kinapotea?

Ndiyo, na ndivyo inavyotakiwa. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka mtu mmoja akalie kiti kimoja. Namba ya siri ya kuthibitisha hutumwa kwa simu uliyoombea, kwa hiyo laini hiyo usimwachie mdogo wako wala usiache ifungwe. Na usingoje siku ya mwisho, mtandao siku hiyo una watu wengi.

Nilitaka udaktari Muhimbili, nimepata kozi ya kilimo SUA, Morogoro. Nijiunge kisha nihame?

Kuhama kupo, ila si mlango wa nyuma kama mnavyosimuliana. Kwa kawaida hufanyika wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, kozi unayoitaka iwe na nafasi na wewe uwe na sifa za kuingia. Udaktari una nafasi chache na waombaji wenye alama za juu mno. Kama alama zako za Julai hazikukuingiza, mwezi Novemba hazitakuwa zimeongezeka. Kuhama kozi za jirani ndani ya chuo hicho hicho ni rahisi zaidi. Ukifanikiwa, mjulishe afisa mikopo wa chuo siku hiyo hiyo, maana mkopo umepangwa kwa jina lako pamoja na kozi yako.

Kwa maoni yangu una njia mbili za heshima. Uingie SUA ukiwa umeikubali Morogoro kwa moyo mmoja, au ukae mwaka nyumbani uombe upya. Wengi huchagua ya tatu: wanajisajili, hawahudhurii, wanasema "mimi napita tu hapa". Muhula ukiisha wana sapu nne, yaani mitihani ya kurudia, na hawana pa kupita.

Bumu linatosha? Nasikia watu wanakula kuku wiki ya kwanza, halafu wanaishia kunywa uji.

Hili ndilo lililoletwa na wengi kuliko yote, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Kwanza kiwango. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 bumu, yaani fedha ya mkopo ya chakula na malazi, ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya awali. Haiji kila siku. Inakuja kwa mkupuo, tuseme wa siku 60, yaani 600,000 kwa aliyepewa kiwango kamili. Na hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Kijana ambaye hajawahi kushika laki moja yake mwenyewe anaona laki sita kwenye akaunti, na simu yake ina kioo kilichopasuka.

Piga hesabu kabla ya kutoka kwenye foleni ya benki. Chukulia geto lako, chumba cha kupanga nje ya chuo, ni 60,000 kwa mwezi: miezi miwili 120,000, imebaki 480,000. Sasa toa 80,000 uzifiche, maana bumu lijalo linaweza kuchelewa, na likichelewa hakuna mama ntilie atakayekula barua ya Bodi. Imebaki 400,000 ya siku 60. Hiyo ni kama 46,000 kwa wiki, na humo ndani kuna chakula, nauli, bando, sabuni na fotokopi. Ukiiona hesabu hiyo kwa macho, ile simu mpya inajijibu yenyewe. Hela ya wiki ikae kwenye laini unayotumia. Nyingine yote iache mahali ambapo kuitoa kunahitaji safari.

Bumu la kwanza halikusubiri getini. Lazima usajiliwe, jina lifike Bodi, usaini kwa alama za vidole, ndipo lilipwe. Nenda na chakula cha mwezi mzima mfukoni, au usafiri na gunia la mchele na debe la maharage bila aibu yoyote. Geto la watu watatu wanaochanga mtungi wa gesi na kupika zamu hula vizuri kuliko anayenunua chipsi peke yake. Hosteli za ndani ya chuo ni habari nyingine, nyingi zinakataza kupika, na hita za kujiunganishia zimeshaunguza vitu.

Kisha nyumbani. Wakisikia laki sita wanasikia mshahara. Shangazi atapiga simu, mdogo wako atakosa daftari, mama ataomba "kidogo tu hadi Ijumaa". Sikwambii ufunge mkono, hatukulelewa hivyo. Nakwambia uwaeleze mapema, kabla ya bumu la kwanza, kwamba hiyo ni hela ya kula, tena ni deni. Ukipata ajira, asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka liishe. Mzazi anayeelewa hivyo mara nyingi ndiye anayeanza kuwazuia wengine.

Mikeka ya mpira, yaani kubeti, na wakopeshaji wa riba kubwa waitwao kausha damu nawataja kwa pamoja kwa sababu hutembea pamoja. Mkeka unachanika Jumamosi, Jumatatu mtu yuko kwa mkopeshaji anayeshikilia kadi yake ya benki na namba ya siri. Bumu lijalo linaingia, anayelitoa ni mwingine. Nimeona vijana wenye akili sana wakiacha chuo kwa njia hiyo, na darasani hakuna aliyejua kisa chake.

Nimesoma shule ya kata, Kiingereza changu ni cha kwenye mtihani. Nitaelewa mhadhara?

Wiki za kwanza, nusu. Na jirani yako uliyemwona anaandika kwa kasi, naye nusu. Mhadhiri ataingia kwenye ukumbi wa watu mia tatu, kipaza sauti kibovu, ataonyesha slaidi na kuondoka. Tatizo hapo si Kiingereza peke yake. Hakuna anayekuandikia nukuu ubaoni kama kidato cha tano.

Muhtasari wa kozi hutolewa siku ya kwanza ukiwa na mada za kila wiki na vitabu. Soma mada kabla ya kipindi, hata kurasa tano, kalamu mkononi. Maneno mageni utayakuta kwa macho kwanza, kisha kwa masikio, na mara ya pili huwa nyepesi. Madesa, yaani nukuu zinazonakiliwa za waliotangulia, yatumie kujua mtihani ulivyo, usiyafanye kitabu. Yananakiliwa miaka na miaka pamoja na makosa yake.

Kuongea anza kwenye semina, kule mko ishirini au thelathini. Tayarisha swali moja nyumbani, liandike, ulisome kama lilivyo. Atakayecheka mwache acheke, hatasahihisha mtihani wako. Wahadhiri wana saa za kuonana na wanafunzi zilizobandikwa mlangoni, na mara nyingi saa hizo wanakaa peke yao. Ukigonga ukaeleza kwa Kiswahili ulichokwama, wengi watakujibu kwa Kiswahili. Jambo moja la adabu: kama ni Daktari mwite Daktari, kama ni Profesa mwite Profesa. "Ticha" iache shuleni.

Na usinakili. Shuleni kukariri kitabu neno kwa neno kulikupa vema, chuoni kunakupa sifuri na wakati mwingine kamati ya nidhamu. Ukichukua wazo la mtu, mtaje.

Wakubwa wanasema mwaka wa kwanza GPA haihesabiwi, ni wa kuzoea mazingira. Kweli?

Wanakudanganya, au walijidanganya. GPA ni wastani wa alama zako zote, na inahesabiwa kuanzia muhula wa kwanza. Vyuo vyetu vingi hutumia kipimo cha 5: daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7, na pasi 2.0. Tuseme kozi yako ni miaka mitatu yenye uzito sawa na ukamaliza wa kwanza na 2.5. Ili utoke na 3.5 itabidi upate wastani wa 4.0 miaka miwili mfululizo, wakati masomo yanazidi kuwa magumu. Nafasi nyingi za shahada ya pili, na kazi za ualimu wa chuo hasa, huangalia namba hiyo kabla ya kukuangalia wewe.

Alama nazo zinagawanyika. Sehemu kubwa ya vyuo huweka 40 kwa majaribio na kazi za muhula, 60 kwa UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Mtu anayelala muhula mzima akaingia UE na 12 mkononi anajipa kazi ngumu bila sababu. Sapu si mwisho wa dunia, ila vyuo vingi ukifaulu sapu wanakuandikia C hata ungepata 80. Kiwango cha kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, kila chuo kina chake, na kimeandikwa kwenye kitabu cha kanuni mnachopewa siku ya usajili, kile ambacho wengi hukifanya cha kuwekea sufuria.

Kengele haipo, mwalimu wa zamu hayupo, na ukikosa vipindi wiki tatu hakuna atakayekuja bwenini. Chuo hakikutafuti. CR wako, kiongozi wa darasa, ana namba zote na ratiba zote, mfanye rafiki mapema.

Mwanangu wa kike anakwenda Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Shuleni nilikuwa nampigia mwalimu wake wa darasa. Huko nimpigie nani?

Shikamoo mama. Hakuna mwalimu wa darasa. Chuo kinamhesabu mwanao kuwa mtu mzima, na matokeo ni yake, hayaletwi kwako. Ipo ofisi ya mshauri wa wanafunzi, akiumwa au akipata tatizo zito hapo ndipo pa kuanzia, ila ni yeye anayetakiwa kwenda. UDOM, iliyoanza 2007, imetapakaa kwenye vilima na ndaki zake, yaani vyuo vidogo vya ndani yake, ziko mbalimbali, kwa hiyo muulize yuko ndaki gani na hosteli gani, uandike mahali. Neno "UDOM" peke yake halitakufikisha kwake.

Mpigie, lakini "unasoma?" huleta "ndiyo mama" na kimya. Muulize anakaa na nani chumbani na jana alikula nini. Hapo utasikia mengi.

Na kuna mazungumzo ambayo afadhali ayasikie kwako kabla hajapanda basi. Akitokea mtu wa chuo, mhadhiri au mwingine yeyote, anayeweka alama au huduma mezani ili apewe mwili, hiyo ni rushwa ya ngono. Ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Asifute ujumbe wowote. Akiitwa mahali pasipokuwa ofisi ana haki ya kukataa. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapigiwa bure 113, na vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia. Mwambie pia kwamba akikuletea habari hiyo hutamuuliza alivaa nini. Mabinti wengi hunyamaza kwa kuogopa swali hilo la mama kuliko kumwogopa huyo mtu mwenyewe.

Nibebe nini hosteli?

Kufuli mbili nzuri, ndoo yenye mfuniko, shuka, chandarua, waya wa umeme wa kuongezea, vyeti halisi na nakala zake nyingi, picha za pasipoti. Vyeti halisi ukishasajiliwa virudi nyumbani. Godoro uliza kwanza, baadhi ya hosteli wanayo. Pasi usihangaike nayo, kila chumba hutokea mmoja aliyebeba.