Kuhama Uingereza kuja kuishi Ufaransa: karatasi kwanza, na usisahau kusalimia

Kila wiki napata meseji za watu wetu walioko Uingereza, wengi manesi wenzangu tuliofanya kazi pamoja, wengine hata siwajui wamepewa namba yangu tu, na swali ni lile lile, dada na sisi tunakaribia kustaafu tunataka kuja huko kwenu, inakuwaje? Sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja usiku kwenye WhatsApp nimeona niyaandike yote hapa.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, Uingereza nimeingia mwaka 1985, nimefanya unesi mpaka nikastaafu na pasipoti yangu ni ya Uingereza. Mwaka 2022 mimi na mzee wangu tukahamia huku Charente, kijijini, upande wa Confolens, Waingereza wamejaa mpaka siku ya soko unasikia Kiingereza kila kona. Kwa hiyo nayoyasema hapa nimeyapitia mwenyewe, na yaliyoniumiza ndiyo nitayakalia zaidi.

Kwanza tuelewane kuhusu Brexit, ile Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, maana watu bado wanachanganya. Waingereza waliokuwa wanaishi huku kabla ya mwisho wa 2020 walipewa kadi yao maalum, hao mambo yao ni mengine. Wewe unayekuja sasa pasipoti ya Uingereza inakupa siku 90 tu ndani ya kila siku 180, kwa nchi zote za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa mipaka kati yao, zikijumlishwa pamoja, basi. Ukitaka kukaa unaomba viza ya muda mrefu ukiwa bado Uingereza, na ukishafika una miezi 3 ya kuithibitisha mtandaoni na kulipa stempu yake, ukichelewa viza inakuwa kama haipo. Kuna mama mmoja jirani alidhani kugongewa muhuri airport ndiyo kumaliza, akaja kushtuka mwezi wa nne tangu afike. Weka alamu kwenye simu siku ile ile unayotua.

Haya, sasa salamu. Hili Waingereza wenyewe linawatesa miaka na miaka lakini sisi watu wa pwani tumezaliwa nalo. Ukiingia duka la mikate, benki, posta, hata chumba cha kusubiri daktari, unasema Bonjour kwanza, kwa sauti, kwa wote waliomo, halafu unanyamaza kidogo usubiri wakuitikie ndipo useme shida yako. Ukirukia swali moja kwa moja hata kwa Kifaransa kizuri namna gani umeingia nyumba ya mtu bila hodi, na atakununia mpaka unaondoka. Mzee wangu alikuwa anasema Wafaransa wana kiburi, nikamwambia wewe jaribu kusalimia kama unavyomsalimia mama mkwe, na kweli ndani ya mwezi tu yule mama wa duka la mikate akawa anamwekea mkate wake pembeni.

Na salamu ya kwanza kabisa kaitoe mairie. Mairie ni kama ofisi yetu ya serikali ya mtaa, kila kijiji kinayo, na sekretari wa pale ndiye mtu wa kumjua kabla ya mtu yeyote. Mimi wiki ya kwanza nilikwenda kujitambulisha kama ambavyo ungekwenda kwa mjumbe, nikasema tumenunua nyumba ile yenye mlango wa bluu, jina langu fulani, Kifaransa changu kibovu lakini najifunza. Yule dada amenisaidia mambo mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kuanzia siku za kutoa taka mpaka nani anafagia mabomba ya moshi. Hilo la moshi usilidharau, kama nyumba ina jiko la kuni lifagiwe kila mwaka na upewe cheti, siku ukipata moto watu wa bima watakiuliza kabla ya kitu kingine.

Sasa karatasi. Uingereza shughuli nyingi unamaliza kwa simu, huku neno la mdomoni halina uzito, kila kitu ni dosye, yaani faili, yenye nakala. Na karatasi mama yao wote ni ile wanayoiita justificatif de domicile, ushahidi wa unapoishi, kawaida bili ya umeme au maji isiyozidi miezi 3. Benki wanaitaka, bima wanaitaka, ofisi ya afya wanaitaka, gari wanaitaka. Lakini kampuni ya umeme nayo inataka akaunti ya benki ya kukata pesa, na benki inataka bili ya umeme, unazunguka kama kuku. Njia ya kutoka ni hii: siku ya kusaini nyumba kwa notaire, yule mwanasheria wa mauzo ya nyumba, omba palepale attestation, hati ya kwamba wewe ndiye mwenye nyumba, na kama unapanga basi mkataba wa kupanga na risiti ya kodi. Hiyo peleka benki. Ukipata akaunti omba RIB, kile kikaratasi chenye namba zako za benki, kichapishe nakala kumi, utakigawa kama kadi za harusi. Ndipo umeme, maji, simu, vyote vifuate. Na siku ukitaka kuvunja mkataba wowote usipige simu, andika barua ya kusajiliwa posta yenye risiti ya kupokelewa na hiyo risiti uitunze.

Na mtu asikudanganye kwamba akaunti yako ya Uingereza inatosha, baada ya Brexit benki kadhaa za kule zimefunga akaunti za wateja wanaoishi Ulaya.

Hapa kwenye afya ndipo nilipolia, kwa hiyo akina mama nisikilizeni vizuri. Ukiwa unapokea pensheni ya serikali ya Uingereza unaomba fomu ya S1 kutoka NHS, huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, ile fomu maana yake Uingereza ndiyo inalipa matibabu yako huku, unaipeleka ofisi ya bima ya afya ya Ufaransa na baadaye unapata kadi ya kijani, carte Vitale. Asiye na pensheni na asiyefanya kazi anaruhusiwa kuomba baada ya kuishi huku miezi 3 mfululizo, kabla ya hapo awe na bima yake binafsi. Kusema ni rahisi hivyo. Shida ni jina.

Ufaransa mwanamke anabaki na jina alilozaliwa nalo mpaka anaingia kaburini. La mume ni jina la kutumia tu, wanaliandika pembeni. Mimi miaka yote Uingereza nimekuwa Mrs wa mzee wangu, pasipoti jina la mume, pensheni jina la mume, jina la baba yangu lilibaki kwenye cheti cha kuzaliwa peke yake, na chenyewe kilikuwa cha zamani, kimefifia, pembeni kimeliwa na mchwa. Ofisi wakakikataa, wanataka cheti kinachoonyesha majina ya baba na mama, kinachosomeka, na tafsiri yake ya Kifaransa iliyofanywa na mtafsiri aliyeapishwa. Mdogo wangu ikabidi afuatilie cheti kipya RITA, ofisi ya vizazi na vifo ya Tanzania, akamkabidhi mtu anayesafiri, mtu akakileta mpaka London, na mimi muda wote huo nalipa daktari mfukoni na presha yangu hii.

Halafu nikapeleka kila kitu nikasubiri. Mwezi wa kwanza kimya, wa pili kimya, wa tatu nikaenda mwenyewe ofisi ya bima ya afya, Bonjour madame, dada wa pale akaangalia kompyuta akasema barua tulishakutumia mara mbili na zote zimerudi. Zimerudi vipi wakati mimi nipo nyumbani kila siku? Nikarudi, nikasimama getini naliangalia sanduku la barua, sanduku limeandikwa jina la mume peke yake kwa maandishi meupe aliyoyapaka mwenyewe kwa brashi. Barua zilikuja kwa jina la baba yangu, mleta barua akaangalia, hakuna mtu huyo hapa, akarudisha. Siku ile ile nilichukua kipande cha plasta nyeupe ile ya kufungia vidonda, nikaandika jina la marehemu baba kwa kalamu ya wino mzito, nikabandika chini ya lile la mume. Baada ya wiki mbili barua ikaingia.

Kwa hiyo kabla hujafunga hata sanduku moja la nguo, tafuta cheti kamili cha kuzaliwa chenye wazazi wote wawili, wewe na mwenzio, na cha ndoa, na siku unayofika andika majina yote kwenye sanduku la barua. Kwa aliyezaliwa Uingereza kile cheti kifupi hakifai, aagize kirefu.

Ukishapata kadi tafuta daktari wako wa kudumu na umsajili, maana ukienda kwa daktari bila kuwa na huyo wanakurudishia asilimia 30 badala ya 70. Daktari wa kawaida ni euro 30, zile asilimia zinazobaki ndiyo watu wanakata bima ya ziada, mutuelle. Miadi wengi wanapanga kwenye app ya Doctolib. Na panadol hutaipata supamaketi wala petroli stesheni kama Uingereza, dawa zote ni famasi yenye msalaba wa kijani tu, na vijijini Jumapili nyingi zimefungwa, kwa hiyo weka akiba. Dharura ya ugonjwa ni 15, zimamoto 18, na 112 inakubali popote, ziandike kwenye friji.

Umeme nao. Nyumba za huku unalipia kiwango cha nguvu, nyingi zina kVA 6, na birika la Kiingereza peke yake linakula kilowati 3, sasa weka na oveni na hita kwa pamoja uone, giza nyumba nzima. Krismasi yetu ya kwanza kuku alikuwa ndani ya oveni, mgeni akawasha birika, pwaa. Tulikaa gizani nusu saa tunatafuta fyuzi kumbe mita ile ya Linky unabonyeza kitufe cha kujumlisha sekunde chache inarudi. Ukiona inakata kila mara omba kVA 9, gharama ya mwezi inapanda kidogo. Na usiuze vyombo vyako vya umeme vya Uingereza, volti ni zile zile, beba extension zako, badilisha plagi ya extension tu na vyombo vyako vichomeke humo na plagi zao.

Chakula nitapita haraka. Majani ya chai beba, nyama na vitu vya maziwa acha, tangu 2021 mpakani haviruhusiwi kutoka Uingereza. Muhogo, ndizi za kupika na bamia mimi nikienda Paris nashukia Château Rouge narudi na begi zima.

Gari. Leseni ya Uingereza iliyotolewa kabla ya Januari 2021 unaitumia mpaka itakapoisha, iliyotolewa baada ya hapo una mwaka mmoja wa kuibadilisha, yote mtandaoni. Wazee wenzangu kumbukeni leseni ya kule inaisha ukifika 70, usingoje mpaka siku ya mwisho, anza miezi 6 kabla. Lakini kitu cha kukuua ni priorité à droite. Kwenye njia panda isiyo na alama yoyote gari linalotoka kulia kwako ndilo lina haki, hata kama wewe uko barabara kubwa na lenyewe linatoka kichochoro cha ng'ombe. Hatakusubiri, anatoka tu, sheria iko naye. Mzee wangu alikoswa mara moja na trekta, tangu siku hiyo akiingia kijiji chochote anashuka mwendo mpaka watu wa nyuma wanapiga honi, na mimi namwambia waache wapige.

Mwisho kodi, na hapa wengi wa kwetu wanakosea bila kujua. Ukiishi huku unajaza tamko kila mwaka kuanzia mwezi wa nne, mara ya kwanza mara nyingi kwa karatasi kwa sababu bado huna namba, unaandika mapato yako yote ya duniani kuanzia Januari mpaka Desemba, siyo Aprili mpaka Aprili kama kule. Mkataba wa Uingereza na Ufaransa unazuia usilipe mara mbili lakini kuandika lazima uandike. Ukikwama nenda ofisi ya kodi wenyewe au France Services, ofisi ya serikali ya kusaidia watu na karatasi, iliyo karibu nawe, wanakaa na wewe mezani bure na wana subira. Halafu kuna fomu namba 3916 ya akaunti zote za benki ulizonazo nje ya Ufaransa, faini ya kuficha ni euro 1,500 kwa kila akaunti. Zote maana yake zote. Ya Uingereza andika, na ile uliyofungua Tanzania miaka ile unajenga, yenye shilingi elfu hamsini na kadi hujui hata iko wapi, nayo iandike.