Makala ya bure, nani kalipa?

Mwalimu wa historia, Mokowe: Nilitafuta makala ya utafiti juu ya magofu ya Takwa niwasomee wanafunzi. Ukurasa ukanidai dola 30 na ushei. Kwani mwandishi ndiye alipwaye?

Hapati hata senti, maalim. Wala wasomi walioihakiki kabla haijachapishwa. Hizo karibu shilingi 4,000 ni za mchapishaji. Kero hiyo ndiyo iliyozaa Azimio la Budapest la mwaka 2002, lililotaka utafiti usomwe bure kwenye intaneti. Ila usikate tamaa mapema: mara nyingi mwandishi huwa ameweka nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo chake. Ukikosa, mwandikie barua pepe umuombe. Wengi hufurahi kupata msomaji.

Mama mmoja, Faza: Nasikia mifupa ya wazee wetu ilipimwa, habari zake zikaandikwa ng'ambo. Nasi twaweza kuzisoma?

Mwaweza, mama, bila kulipa. Makala ilitoka katika jarida la Nature, Machi 2023. Walipimwa vinasaba (DNA) watu 80, wengi wao wa miji ya pwani ya kati ya mwaka 1250 na 1800. Manda na Faza zimo. Wengi walikuwa na nusu au zaidi ya asili yao kutoka Afrika, hasa upande wa kina mama, na ile ya Asia sehemu kubwa ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Niliifungua kwa simu nimekaa barazani, bando la shilingi 20 likatosha. Kuielewa ndiko kulikonishinda: Kiingereza cha maabara, nikakwama aya ya pili. Bure ni bei tu; lugha ni deni jingine, na hilo sijaona anayelilipa.

Mwanafunzi wa uzamili, Langoni: Jarida limeniandikia lenyewe. Nitume makala na dola 150, itoke kwa wiki moja. Nilipe?

Usilipe! Uhakiki wa kweli hauishi kwa wiki. Kijana wa mtaani kwetu alilipa. Sasa hata tovuti ya jarida lake haifunguki. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, alituma makala ya uongo, yenye makosa ya wazi, kwa majarida huria 304, yaani yale yasomwayo bure. Zaidi ya nusu yaliikubali. Ndilo doa la mfumo huu wa mwandishi kulipa badala ya msomaji: akishakuwa mteja, kumkataa ni hasara. Anza kwa kulitafuta jarida kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida huria yaliyokaguliwa.

Majarida ya kweli nayo yana bei. Nature ilipotangaza ada ya mwandishi ili makala yake isomwe bure, mwaka 2020, ilikuwa yuro 9,500. Yapo yanayosamehe waandishi wa nchi maskini, lakini omba kusamehewa ada kabla ya kutuma, si makala ikishakubaliwa.

Msomaji, Shela: Jarida la Kiswahili lipo?

Lipo Swahili Forum, lenye makala za Kiswahili pamoja na za Kiingereza; halidai msomaji chochote. Litafute kwa jina hilo hilo.