Shule ya mwanao ikitaka kuchangia "Afrika", piga simu kwanza

Salim alikuwa na miaka minane aliporudi kutoka shule na karatasi iliyokunjwa ndani ya kopo lake la chakula. Shule yao, hapa mjini Reading, Uingereza, ilikuwa inachangisha pesa "kwa watoto wa Afrika". Ijumaa waje na nguo za nyumbani, kila mmoja na pauni 1 mkononi. Kwenye karatasi palikuwa na picha ya mtoto amekaa chini, pekupeku, kamasi zinamtoka. "Mama," akaniuliza, "huyu anakaa karibu na bibi?"

Bibi yake anakaa Muheza, mkoani Tanga, Tanzania. Ana friji, ana king'amuzi, na tamthilia yake haimpiti hata umeme ukikatika, maana huhamia kwa jirani mwenye sola.

Siku ile nilifanya wanavyofanya wazazi wengi wa kwetu tulio huku: nikanuna, nikatoa pauni, nikanyamaza. Ukiwa na mtoto shuleni Uingereza, karatasi ya namna hiyo itakufikia tu, na ushauri wangu ni uingie mapema, kabla picha haijachaguliwa. Walimu wengi hawana nia mbaya. Wamekua na Red Nose Day, siku ya michango kwenye televisheni ya shirika la hisani la Comic Relief, iliyoanza 1988, na picha walizozizoea ndizo hizo. Comic Relief wenyewe walisemwa sana mwaka 2019, mbunge David Lammy akiwa mstari wa mbele, na 2020 wakatangaza kwamba hawatatuma tena watu maarufu Afrika kupigia filamu zao za michango. Kwa hiyo ukimwambia mwalimu kwamba picha ile imemchanganya mwanao, hutakuwa wa kwanza kulisema.

Mimi baadaye nilimwandikia mwalimu, akaniita. Na hapo nikafanya kosa kubwa zaidi: kiherehere. Nikasema naijua shule moja ya msingi kule Muheza, tukusanye vitu tupeleke. Yakapatikana maboksi kumi na moja. Madaftari yaliyoandikwa nusu, vitabu vya wafalme wa Uingereza, makoti ya baridi (Muheza!), na boksi zima la soksi na chupi zilizokwisha kuvaliwa, wakati TBS, shirika la viwango la Tanzania, hawaruhusu nguo za ndani za mtumba kuingia nchini. Mzigo ukafika Dar es Salaam ukalala bandarini, na wakala wa forodha kila wiki ananitumia bei mpya: ushuru, kuhifadhi, karatasi fulani inakosekana. Pesa za kuutoa zilitoka kwangu na kwa kaka yangu, ambaye mpaka leo hajanisamehe. Mwalimu mkuu alishukuru kwa adabu zote. Nilipompigia baadaye kumuuliza kama makoti yamefaa, alicheka kidogo kabla ya kujibu. "Mama Salim, ungenipigia kabla."

Basi ushauri wangu karibu wote umo humo. Ila usimpigie mwalimu ukamuuliza "mnahitaji nini?", maana atakujibu "chochote tutashukuru". Ndivyo tulivyolelewa, zawadi ya mgeni haichaguliwi. Muulize kamati ya shule ilijadili nini kikao kilichopita. Shule ya msingi ya serikali ina kamati, na kamati ina muhtasari wa kikao. Wa shule ile ya Muheza ulisema choo. Wasichana 236, matundu manne. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto walijaa madarasani, vyoo vikabaki vilevile. Wasichana wakubwa wakiwa kwenye siku zao walikuwa wanabaki nyumbani.

Nikarudi kwa mwalimu wa Reading na neno moja: choo. Akasita, choo kwenye bango hakipendezi. Watoto ndio waliomshinda. Mtoto wa miaka tisa ukimwambia mwaka huu tunachangia choo, huna haja ya kumbembeleza. Walicheka mpaka wakakaa chini, halafu wakaanza hesabu. 236 gawa kwa 4, ni 59. Wakapanga foleni ya watoto 59 uwanjani, mlango wa choo ukiwa ni koni mbili za mazoezi, kila mmoja akipewa dakika moja. Mapumziko yao ni dakika 15. Kengele ilipolia walikuwa bado 44 kwenye mstari, na hakuna aliyeuliza tena picha ya kuweka kwenye bango. Wakachora foleni.

Kuhusu pesa zenyewe sina mengi. Kwenye meza ya keki nilipeleka maandazi ya iliki yenye kibandiko cha viambato, maana shule za huku zinaogopa karanga kuliko nyoka, na yaliisha kabla ya keki. Lakini anayenunua andazi amenunua, hajatoa sadaka, kwa hiyo Gift Aid, nyongeza ya serikali ya Uingereza juu ya sadaka, haihusiki. Kwenye mbio za kufadhiliwa, mtoto akikimbia na watu wakichangia kwa ajili yake, inahusika: mlipa kodi akijaza jina na anwani kwenye fomu, kila pauni 1 huongezewa peni 25, mradi pesa zipitie taasisi ya hisani inayotambuliwa, na mara nyingi chama cha wazazi wa shule kimesajiliwa hivyo. Chama kikituma pesa nje lazima kiweze kuonyesha zilivyotumika, basi kubalianeni suala la risiti mapema. Na pesa ziingie akaunti ya shule, si kwenye simu ya mwalimu, hata akiwa binamu yako. Hasa akiwa binamu yako.

Sarafu tulizihesabu mezani kwetu. Mfuko wa benki wa sarafu za pauni unabeba pauni 20, lakini mfuko mzima wa peni mbilimbili, ulio mzito kama jiwe, ni pauni 1 tu. Salim akaupima mkononi, akataka kujua ni saruji kiasi gani. Tukapiga hesabu: mifuko sita ya namna ile kwa mfuko mmoja wa saruji Muheza. Alisikitika sana.

Zilipatikana pauni 640. Wanakijiji walichimba shimo, wakatoa mawe na mchanga. Pesa zikanunua saruji, mabati na milango, na kumlipa fundi. Yakapatikana matundu mawili na chumba kidogo cha wasichana, chenye ndoo ya maji na kitasa kwa ndani. Yanatakiwa 12, sasa yako sita, na watoto wa Reading niliwaambia hivyohivyo bila kupamba.

Barua za shukrani nilizikataa. Nimewahi kuona darasa zima likipoteza vipindi viwili kunakili ubaoni "Thank you our dear friends". Nikamwomba mwalimu mkuu watoto watume maswali tu, kwa Kiswahili, nami nitatafsiri. Yakaja kwa picha za simu, karatasi kumi na tatu. Je, kwenu kuna nyoka? Nani anapiga kengele? Na moja, kwa mwandiko mkubwa wa penseli: nyinyi shuleni kwenu mna matundu mangapi?

Darasa la Salim halikujua. Wakatumwa wawiliwawili kwenda kuhesabu. Tisa, wakarudi kusema, lakini mawili yamefungwa. Kitasa kimeharibika tangu Pasaka.