Fundi Anajibu: Waya wa amplifaya, namba ngapi?

*Assalaamu alaykum fundi. Mimi ni dereva, naishi Wete, Pemba, na gari yangu ni IST. Nimefunga amplifaya mpya, boksi lake limeandikwa wati 2000, na sabufa moja ya inchi 12. Aliyenifungia ametumia waya wa nyumba, ule wa soketi, ameutoa kwenye betri mpaka kwenye buti. Bezi ikipiga taa za mbele zinafifia, na nikifungua sauti sana amplifaya inajizima, halafu inajiwasha tena. Nilipokuja Unguja niliulizia Darajani. Duka la kwanza wakanambia nichukue waya namba sifuri, la pili wakasema namba nane inatosha. Nichukue upi?*
— Dereva, Wete

Waalaykum salaam mwanangu. Hilo boksi liache huko huko. Wati 2000 zimeandikwa ili boksi liuzike. Ipindue amplifaya yenyewe, tazama pale unapoingia waya wa umeme, utaona fyuzi zimechomekwa. Jumlisha namba zake. Amplifaya za aina yako nyingi nilizozifunga huwa na mbili za 30, kwa hiyo nikadirie kuwa yako inavuta ampea 60 ikizidiwa. Injini ikiwaka betri inakuwa na volti 13.8 hivi, na 60 mara 13.8 ni wati 828. Hizo ndizo zinazoingia. Zinazofika kwenye spika ni chache zaidi, maana amplifaya ya daraja AB hugeuza karibu nusu yake kuwa joto, na ya daraja D hupoteza kama asilimia 20. Sasa hizo 2000 zitoke wapi? Dukani nenda na 60 yako kichwani, ya boksi usiitaje, maana muuzaji akiisikia atakutolea waya mnene kama wa meli.

Cha pili ni urefu. Chukua kamba, ianzie kwenye betri, ipitishe kwenye tundu la ukuta wa injini, chini ya kapeti ubavuni mwa milango, mpaka amplifaya ilipo. Kwa IST weka mita 5, na kona zake zote humo.

Haya, tuutazame huo wa soketi. Ni wa milimita 2.5 za mraba. Ukipitisha ampea 60 kwenye mita 5 za shaba ya unene huo, unapoteza volti 2 njiani. Na hazipotei hewani: ni wati zaidi ya 120 za joto, chini ya kapeti, pale abiria wako anapoweka miguu. Amplifaya inabaki na volti 11 na kitu, na kama ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, nayo ni waya ule ule, hata hizo hazifiki. Ikiona volti zimeshuka mno inajizima ili isiungue. Haina ubovu wowote, inajilinda. Halafu waya wa nyumba umetengenezwa ulale ndani ya ukuta. Nyuzi zake ni chache na ngumu, mtikisiko wa gari kila siku unazikata moja moja.

Waya namba nane una milimita 8.4 za mraba, na kwa mzigo wako ungepoteza volti 0.6. Namba nne una 21, unapoteza robo ya volti. Namba sifuri una 53, unapoteza kama sehemu moja ya kumi. (Namba ikipungua unene unaongezeka, wateja wengi huchanganyikiwa hapo.) Mimi sipendi ipotee zaidi ya nusu volti kwenye njia ya kwenda. Kwa hiyo chukua namba nne. Sifuri mwachie mwenye amplifaya mbili kubwa zinazovuta ampea 150 na zaidi. Kwako hata tundu la amplifaya halitaupokea.

Lakini namba nne ya nini? Hapa ndipo watu wanapoliwa. Siku hizi madukani umejaa waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Mpira wake mnene, mwekundu, unang'aa, umeandikwa 4, na bei yake inakupendeza. Mwombe muuzaji akate ncha, uparue unyuzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe wa fedha ndani, ni alumini. Huo unapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba, na hewa yetu ya chumvi ikiingia kwenye kiungo chake unaoza haraka. Tena wengine hupunja: mpira unene wa kidole, nyuzi ndani kiduchu. Tazama chuma, mpira usikushughulishe. Ukikosa shaba tupu ya namba nne, kaulizie kebo ya mashine ya kuchomelea vyuma ya milimita 25 za mraba. Ile ya shaba ni laini, inakunjika vizuri, na mara nyingi inauzwa kwa mita bila mbwembwe za redio. Nimeifunga kwenye gari nyingi. Uhakikishe tu ni shaba, kwa kisu kile kile.

Ethi iwe na unene huo huo. Iwe fupi, isizidi nusu mita, ifungwe kwenye bati la bodi baada ya kuparua rangi mpaka chuma king'ae, kisha paka grisi juu.

Fyuzi kubwa ya 60 au 80 ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45. Wengi wanaiweka nyuma, karibu na amplifaya, kwa sababu huko ni rahisi kuifikia. Kazi ya fyuzi ile ni kuulinda waya. Ukichubuka kwenye ukuta wa injini ukagusa bodi, betri inamwaga mamia ya ampea kwa mpigo, na fyuzi iliyoko nyuma haina habari. Mita zote tano zinawaka moto. Na pale unapopita ukutani, weka mpira kwenye tundu.

Sasa taa. Hili usimlaumu waya. Waya mwembamba unainyima amplifaya, taa hauzigusi. Ukiweka mnene amplifaya itavuta zaidi na taa huenda zikafifia zaidi. Washa injini, piga muziki wako, shika mita ya kupimia volti kwenye vichwa vya betri. Ikishuka chini ya 12.6 na kubaki huko, altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, imezidiwa au betri imechoka. Ikisimama kwenye 13.5 na taa bado zinafifia, tafuta kutu: waya wa ethi kutoka betri kwenda kwenye bodi, na ule ukungu wa kijani kwenye vichwa. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, mimi naanzia hapo kabla ya kumtia mtu gharama ya altaneta.

*Fundi, nipo Jambiani. Nikikanyaga mafuta spika zinapiga mluzi unaopanda na injini. Nimeambiwa ninunue redio nyengine.*
— Msomaji, Jambiani

Usinunue kwanza. Waya wa umeme na waya wa sauti umevipitisha upande mmoja? Vitenganishe, kimoja kulia, kimoja kushoto. Mluzi ukibaki, chomoa nyaya za sauti kwenye amplifaya huku injini inawaka. Ukinyamaza, unatoka kwenye redio, au ethi yake, au nyaya zenyewe. Ukiendelea, fungua ethi ya amplifaya, uparue rangi upya na uikaze.