Jibu: Kupima dawa za maumivu zilizochanganywa
Ndugu, umeuliza kwa nini rekodi za kliniki hazitoshi kuthibitisha kwamba dawa mbili za maumivu zikichanganywa hushinda moja. Daktari humpa mchanganyiko yule anayeumia zaidi, hivyo makundi hayalingani tangu mwanzo, na maumivu ya kuteguka kifundo hupungua hata yenyewe. Ndiyo maana nauthamini utafiti wa New York wa mwaka 2017, ambamo wagonjwa 416 wa idara za dharura, wenye maumivu ya mikono au miguu, waligawanywa katika makundi kwa bahati nasibu. Baada ya saa mbili, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1,000 haikutofautiana kwa kiasi cha maana, katika kupunguza maumivu, na michanganyiko mitatu yenye opioidi (dawa kali za maumivu za jamii ya morfini). Lakini saa mbili ni chache mno kuonyesha madhara ya dawa: tumbo linaloanza kuwaka siku ya tatu, mgonjwa akiwa nyumbani, hugunduliwa na kliniki ya kawaida.