Re: Kazi za elimu ya wasichana na haki za wanawake kazini, Tanga

Mdogo wangu, umeuliza kama mwenye diploma ya ualimu anaweza kupata kazi hizi bila kuhamia Dar. Anaweza, ila mwanzo ni mgumu kidogo.

Anzia usaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wasio mawakili. Mimi nilianza kwa kujitolea, posho ya nauli tu (na nauli yenyewe ilichelewa). Siku moja Muheza, mama wa shamba la mkonge alifungua fundo la kanga akatoa barua: kaachishwa kazi, mimba miezi saba. Hakujua sheria ya ajira ya 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akizaa mapacha. Fomu ya CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, tuliijaza usiku ule ule. Katika siku 30 za kulalamika, zilibaki mbili tu.

Upande wa elimu, fuatilia utekelezaji wa waraka wa 2021 unaowarejesha shuleni wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito. Pia angalia nafasi za maafisa maendeleo ya jamii halmashauri, na TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani.

Kompyuta unaijua? Kuandika ripoti ndiko kulikonipa mkataba wa kwanza.